Ubao Wako Ni Jerikeni Ngapi?

Toleo lililopita niligusia tu, mistari mitatu hivi, kwamba mtu wa Nairobi akishuka Pwani asimalize likizo yote kwa viazi karai na kupiga picha na ngamia, aingie majini ajaribu kupanda mawimbi kwa ubao. Nikadhani imepita. Kumbe nimechokoza nyuki! Meseji zimeingia mpaka mhariri akaniuliza nimefanya nini, na karibu zote ni swali moja limevaa nguo tofauti tofauti: ninunue ubao gani? Basi leo safu yote ni mbao. Mimi nimekulia Malindi, Nairobi ni kazi tu imenileta, kwa hivyo mnivumilie nikianza kuongea maji.

SWALI: Kaka, mambo. Mimi ni jamaa wa miaka 29, niko na kilo 82, sijawahi kupanda wimbi hata moja lakini mwaka jana nikiwa Diani niliona wasee wakifanya hiyo kitu nikasema hii ni yangu kabisa. Sasa kuna mtu anahama nchi anauza ubao wake mtandaoni, mweupe, una mistari ya bluu, umechongoka mbele, haki ni mrembo. Chini umeandikwa 6'0 x 18 1/2 x 2 1/4 halafu 25.8 L. Alikuwa anataka elfu kumi na nane nimemshusha hadi kumi na tano. Nitume pesa ama? – Mpenda Maji, Kasarani

JIBU: Usitume. Na kama ushatuma, niambie polepole.

Hizo namba ulizosoma ndizo zenye ukweli, mistari ya bluu haina. Futi 6 ni urefu, inchi 18 na nusu ni upana, inchi 2 na robo ni unene, na ile 25.8 ya mwisho ni lita, yaani ubao mzima ukizamishwa unachukua nafasi ya lita ngapi za maji. Watu wengi huangalia urefu peke yake, ndio maana wanauziwa vitu vya ajabu. Wewe anza na lita.

Nani hapa Nairobi hajui jerikeni? Chukua ile ya lita 20, ile ya kupangia foleni maji yakipotea, iwe tupu, funga kifuniko vizuri halafu jaribu kuizamisha kwenye tangi kwa mkono mmoja. Inakurusha juu, si ndio? Hiyo nguvu ni kama kubeba kilo 20, kwa sababu lita moja ya maji ina kilo moja. Sasa huo ubao wako mrembo ni jerikeni moja na chupa kadhaa za soda. Na wewe ni kilo 82. Sawa, mwili wenyewe unaelea kiasi, lakini ukilala juu ya huo ubao utazama chini ya kifua chako mpaka maji yakuguse kidevu, na kila ukipiga mkono utakuwa unasukuma maji mbele badala ya kupita juu yake, na wimbi likija litakuacha hapo hapo kama matatu iliyojaa inavyoacha watu steji saa kumi na mbili jioni.

Maana wimbi halikubebi kwa huruma. Linabeba kitu ambacho tayari kinakimbia. Lazima upige mikono mpaka ubao uwe na mwendo, ndipo wimbi likifika nyuma liuinue mkia na usukumwe. Ubao uliozama haukimbii, ni hivyo tu, hakuna uchawi. Huyo jamaa uliyemwona Diani akicheza na kijiubao kifupi amekula chumvi nyingi kabla ya kufika hapo, na pengine ana kilo 60.

Kwa mtu anayeanza, lita zisiwe chini ya kilo zako, zikizidi ndio afadhali. Wewe tafuta kati ya 85 na 100. Hiyo maana yake ni ubao wa futi 8 au 9, upana inchi 22 kwenda juu, unene kama inchi 3, na uwe wa sponji. Ndani yake kuna lile povu jeupe jepesi kama linalokuja kwenye boksi la TV, katikati wanapitisha vijiti vya mbao usivunjike, juu wamefunika kwa ngozi laini na chini kuna plastiki ngumu ya kuteleza. Unakaa kama godoro lenye pua, najua, hata picha hautapiga nao kwa raha. Lakini ukikugonga kichwa utasema "aii" badala ya kwenda kushonwa, na utakugonga, hilo mimi nakuahidi. Ule mweupe wako ni faiba, na mapezi yake, yale kama ya samaki yanayochomoza chini ya mkia, yanakata.

Halafu kuna hesabu nyingine hujanipa. Utaingia majini siku ngapi kwa mwaka? Mtu wa Nairobi mwenye kazi akijitahidi sana ni wiki mbili, labda na wikendi moja ya bahati. Mtoto wa ufuoni anaingia kila maji yakijaa, baada ya miezi michache anaweza kuanza kupunguza futi. Wewe wiki mbili za mwaka huu na mbili za mwakani bado wewe ni mwanafunzi, kwa hivyo huo mkubwa utakuwa nao muda mrefu kuliko unavyodhani. Ndio maana hata huo wa sponji nakuambia usiununue kwanza. Kodi. Lipia mafunzo ya siku tatu, mwalimu anakuja na ubao wake, jaribu wa 8, jaribu wa 9, sikia tofauti kwenye mabega. Ile elfu kumi na tano anza kuitumia hapo.

Mimi ubao wangu wa kwanza ulikuwa kipande cha plaiwudi tulichookota kwa fundi wa meza, urefu wake kutoka chini mpaka kiunoni kwangu, tukiulalia kwa tumbo kwenye povu pale ufuoni, na ngozi ya tumbo ilikuwa inatoka vipande vipande mama anauliza nimechapwa na nani. Hakuna aliyesimama juu ya kile kipande hata siku moja. Lakini macho yalijifunza wimbi, na hilo ndilo unaloenda kulipia.

SWALI: Na je, ule ubao wa wale wa kuvutwa na parachuti Diani na Watamu? Binamu yangu anao, ameniambia nichukue bure. – Mkazi wa Umoja

JIBU: Ule si parachuti, ni tiara kubwa, na ubao wake haujatengenezwa kukubeba ukiwa umelala. Upepo ndio unaokubeba. Ni kibao cha mita moja na kitu, kimebapa, kina mahali pa kuingiza miguu, ukikilalia kinaenda chini na wewe. Chukua kama ni bure, utundike sebuleni. Wakati huo huo kuna ule mrefu mpana wa kusimama na kupiga kasia, ule unaelea vizuri sana hata zaidi ya unachohitaji, lakini ni mzito kwenye wimbi na ukikuponyoka unaenda kugonga watu, sasa kwa mawimbi usianzie hapo.

SWALI: Habari kaka. Mimi niko na kilo 54, si mrefu, na kusema kweli kuogelea ni kule kwa kujikaza tu, pale bwawa la mtaa nafika ng'ambo nikiwa nimechoka kabisa. Nami pia natakiwa kubeba hiyo kitu ya futi 9? Mikono yangu haifiki hata upande wa pili! – Dada wa Rongai

JIBU: Hapana dadangu, wewe futi 7 mpaka 8 inakutosha, lita 60 hivi kwenda juu kidogo. Na hilo la mikono ni swali zuri kuliko lote lililokuja, maana watu wanasahau ubao unabebwa kutoka garini mpaka majini na upepo wa kusi ukivuma unaushika kama tanga unakuzungusha. Kabla ya kukodi uweke kwapani, jaribu kufikisha vidole kwenye ukingo wa chini. Usipofika utaubeba kichwani, mama zetu wamebeba kuni hivyo hivyo na hawakuanguka.

Kuogelea sasa, hapo sikupi nafuu. Ubao si boya la kuokoa maisha. Kamba ya mguuni hukatika, na ikikatika ubao unaenda ufuoni na wewe unabaki. Kabla ya kusafiri fika mahali ambapo unaweza kuogelea mita 200 bila kusimama na ukimaliza bado unaweza kuongea. Nairobi mabwawa yapo, na mazoezi ya kusimama unafanya kwenye mkeka nyumbani: lala kifudifudi, mikono kando ya mbavu, sukuma, vuta miguu yote miwili kwa mpigo mmoja, usipitie magotini. Ishirini kila asubuhi. Jirani wa chini atalalamika, mnunulie maandazi.

SWALI: Mimi nishanunua, kwa hivyo usinigombeze. Ni wa mtumba, futi 7 na nusu, mnene, faiba. Una ufa karibu na mkia na mahali fulani nikibonyeza unaingia ndani kidogo. Je, fundi wa bampa za matatu anaweza kuuziba? – Fundi Mwenyewe, Kariobangi

JIBU: Sikugombezi, lakini wenzako wasikie. Ubao wa mtumba unaukagua kwa kidole gumba. Unapita nao pole pole juu yote, hasa pale miguu inapokanyaga, ukibonyeza. Penye kubonyea na kurudi kama mkate, ngozi ya faiba imeachana na povu la ndani, na huko ndiko ulikofika wewe. Kisha kagua kingo, kagua pale mapezi yanapoingilia maana huko ndiko nyufa hupenda kujificha, kisha uinue. Ukihisi ni mzito kuliko unavyokaa, umekunywa maji. Madoa ya kahawia karibu na ufa pia ni maji. Rangi ya njano peke yake isikutishe, hiyo ni jua, ni uzee kama mvi.

Wa kwako umekunywa. Usiuzibe leo. Usimamishe kivulini ufa ukiangalia chini, uache udondoke na ukauke wiki nzima, mbili kama Nairobi ina baridi, maana ukifungia maji ndani umefungia ugonjwa.

Halafu kuhusu fundi, sikia kwa makini kwa sababu hili limenikuta. Kuna mbao za faiba za aina mbili na kwa nje zinafanana. Moja ndani ina povu la poliyurethane, chembe zake ni laini kama unga, hiyo inakubali rezini ya kawaida ya poliesta, ile ile ya bampa na boti. Nyingine ndani ina lile povu jeupe la boksi la TV, na hiyo inataka rezini ya epoksi peke yake. Ukiimwagia ya poliesta inaliwa. Mimi nilipeleka wangu kwa fundi mmoja wa bampa, mtu hodari, mikono safi kabisa, akachanganya rezini na hadena kwenye kopo la majarini akapaka vizuri, nikampa pesa yake nikaenda zangu. Kesho yake nakuja kuchukua, pale palipokuwa na ufa wa kidole pana shimo naingiza ngumi, kuta zake zimeyeyuka kama sukari kwenye chai. Alikuwa anaona haya kuniangalia. Lakini mimi ndiye sikumwambia ndani kuna nini, na mimi ndiye nilikuwa sijui.

Chungulia ndani ya huo ufa na tochi ya simu. Ukiona punje punje za duara zimeshikana, ni povu jeupe, nunua epoksi. Ukiona kama unga ulioshikana na umegeuka njano, mpe fundi wa bampa, amekuwa akifanya kazi hiyo tangu kabla hujazaliwa. Kama huna uhakika tumia epoksi, kwa sababu hiyo inashika zote mbili. Na pale panapobonyea ni kazi nyingine tena, usimruhusu apige rezini juu tu.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 12 na kilo 40, ananisumbua usiku na mchana. Nimnunulie mdogo wa saizi yake halafu abadilishe akikua? Na hizo nta na kamba ni lazima ama ni njia ya kutumalizia pesa? – Mama Junior, Buruburu

JIBU: Mama Junior, shikamoo. Sponji ya futi 6 au 7, hata ikionekana kubwa kwake. Watoto ni wepesi na hawaogopi kitu, atasimama kabla ya yule bwana wa Kasarani, usimwambie nimesema. Usimnunulie wa faiba ati kwa sababu rafiki zake wanao.

Kamba ni lazima, tena si kwa ajili yake tu, ni kwa ajili ya mtoto wa mwenzio aliye nyuma yake. Urefu wake uwe sawa na wa ubao au uzidi kidogo, na inafungwa mguu ule unaokaa nyuma. Nta nayo ni kwa ajili ya miguu isiteleze, inapakwa upande wa juu, kamwe si chini. Mbao nyingi za sponji zina ngozi ya kukwaruza kidogo kwa hivyo unaweza kukaa bila, ila ikishazeeka ikawa laini utaihitaji. Nunua ile iliyoandikwa ya maji ya joto, maana bahari yetu haishuki sana chini ya nyuzi 25 na nta ya nchi za baridi inayeyuka kama siagi. Mshumaa wa dukani usijaribu, nao unateleza wenyewe.

Mapezi wacha yale matatu yanayokuja na ubao. Huo mpangilio wa matatu ulitengenezwa na Mwaustralia mmoja, Simon Anderson, na mwaka 1981 akashinda nao mashindano ya Bells huko kwao, kuanzia hapo dunia nzima ikamfuata. Mwanao hana haja ya kuyabadilisha. Hakikisha tu ni ya plastiki laini, basi.

SWALI: Tunakuja Pwani wanne kwa gari ndogo, tumekodi mbao mbili za futi 8 hapa Nairobi kwa mtu. Tunazibebaje, na tukifika tuingie saa ngapi? – Genge la Ngong Road

JIBU: Futi 8 ni karibu mita mbili na nusu, kwa hivyo ndani ya gari na watu wanne sahau, ni juu ya keria. Laza ubao tumbo juu, yaani mapezi yaangalie mbinguni na yawe upande wa mbele, upepo ukiupiga ubao unakandamizwa chini badala ya kuinuka. Chini yake weka taulo. Funga kwa mikanda mipana, si kamba ya katani, na usikaze mpaka usikie unalia, sponji inabaki na alama. Ni kama kilomita 480 mpaka Mombasa na joto linaanza kukupiga ukiteremka kuelekea Mtito Andei. Mkisimama kula mtafute kivuli, kwa sababu jua linapika ile ngozi ya juu inaanza kuvimba malengelenge, na hao mliokodi kwao watawadai ubao mzima.

Saa ya kuingia haiko kwenye saa, iko kwenye maji. Hili ndilo linalowachanganya watu wa bara, wanaamka saa kumi na mbili asubuhi na ari yote wanakuta bahari imeenda. Maji yanajaa na kupwa, kama saa sita kila upande, na kila siku yanachelewa dakika 50 hivi. Sehemu kubwa ya Pwani yetu imezungukwa na mwamba wa matumbawe, na maji yakipwa mwamba unazuia kila kitu, ndani kunakuwa kama bwawa. Yakijaa, mawimbi yanaruka mwamba na kuja ufuoni yakiwa yamepungua nguvu, povu la kiunoni, na hilo ndilo darasa lenu. Ingieni saa moja na nusu kabla maji hayajajaa kabisa, mahali penye mchanga chini, mtoke yakianza kurudi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, yanakimbia sana, hasa pale kwenye mlango wa mwamba, yaani pengo ambalo maji yanapitia kutoka na kuingia. Msikae karibu na mlango. Mkivutwa, shikeni ubao na kupiga mikono kwa ubavu sambamba na ufuo, msishindane na maji uso kwa uso. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni pole zaidi lakini na mawimbi ni haba.

Malindi kwetu ghuba imefunguka, kwa sababu matope ya Mto Sabaki hayajaacha matumbawe yaote mbele yote, kwa hivyo wakati wa kusi, hasa kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, mawimbi yanaingia moja kwa moja. Maji yana rangi ya chai ya maziwa na hamtaona miguu yenu. Mkitaka maji yaliyotulia zaidi njooni wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, ila wimbi litakuwa dogo, na kwa watu wanne wenye mbao mbili za futi 8 na hakuna aliyewahi kusimama, mimi ningekuja wakati huo. Wavuvi wa hapo muwaulize kabla ya kuingia, na mvae viatu vya maji mkipita penye mawe kwa sababu ya wale wadudu wa miiba mieusi. Mwiba ukiingia usiuchokoe na pini ya nguo, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, na usipotoka wenyewe nenda zahanati.